Laini ya Lilly Gune

Naitwa Ruun, ninauza na kutengeneza simu mtaani Hai Malakal, na ukiambiwa kwamba nina mdomo, amini. Nilizaliwa Garissa, nikaletwa Juba na ndoa, na mume wangu Sahal husema biashara yetu ingekuwa kubwa mara mbili kama ningejifunza kunyamaza. Labda. Lakini watu huniletea simu zilizokufa, na mimi huwaambia ukweli kabla hawajakaa: hii itapona, hii haiponi. Sipendi kumpa mtu matumaini ya bure. Ndiyo maana siku Lilly Gune alipokuja mara ya kwanza nilimwambia, bila kuzunguka, kwamba akaunti yake imepotea na aende nyumbani akapumzike.

Hakwenda. Alivuta kiti cha plastiki, akatoa kitambaa kwenye mfuko, akaanza kushona. Yeye ni mama wa kabila la Wabari, mtu mzima, na kazi yake ni milaya, yale mashuka ya kitanda yenye maua ya uzi ambayo kila bibi harusi wa Juba lazima awe nayo. Alishona jani moja zima la kijani ndipo akasema, "Binti, mimi iko na mtoto mmoja. Yeye iko na njia moja tu ya kunipata. Ni hii. Wewe angalia tena."

Basi nikaangalia tena, kwa hasira, maana nilijua nitakachokuta.

Akaunti yenyewe ilifunguliwa na huyo mtoto, Lodu, miaka mingi iliyopita, wakiwa bado hapa Juba. Aliiandikisha kwa laini ambayo mama yake alikuwa nayo wakati huo. Vita vilipokuja mjini wakakimbilia Uganda, na kule kambini ile laini ya Juba haikuwa na kazi, ikatolewa kwenye simu ikatupwa. Akaunti haikusema kitu. Iliendelea kufunguka kwenye simu ileile mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekumbuka kwamba imeunganishwa na namba ile. Lodu alipoondoka kambini kwenda Khartoum kutafuta kazi, waliongea kwa njia hiyo kila Jumapili baada ya kanisa. Halafu Khartoum nako kukawaka moto, na Lodu akanyamaza. Mama akarudi Juba. Mwezi ule ule wa kurudi, simu ikatumbukia kwenye karai la maji ya kufulia.

Kwenye simu mpya, aliyoipata baada ya muda mrefu wa kushona, aliandika jina lake na neno la siri, yote sawasawa, na mtandao ukamjibu kwamba umetuma tarakimu za kuthibitisha kwenye namba yake. Namba gani? Ile ya zamani. Ile iliyotupwa kwenye majani ya kambi.

"Kwa hiyo wewe wanataka uthibitishe kwamba ni wewe," nilimwambia, "kwa kitu ambacho huna."

"Lakini mimi ni mimi," akasema.

Nilimfungulia akaunti mpya, tukamtafuta Lodu humo. Akina Lodu mji huu hawahesabiki, na wa kwake alikuwa ameandika jina la utani ambalo mama yake hakuwahi kulisoma, kwa sababu yeye alibonyeza picha tu. Tuliandikia vijana kadhaa wenye sura inayokaribia. Mmoja akajibu kwa matusi. Nikamtuma kwenye ofisi ya kampuni ya simu, kule Buluk, akakaa foleni asubuhi yote akaambiwa laini isiyowekwa salio muda mrefu huuzwa upya, na hii ina mwenyewe tayari, na jina la mwenyewe hawatoi. Alirudi dukani akaniambia hayo kwa upole kabisa, kisha akavuta kiti chake. Nilianza kumwona kama sehemu ya samani za duka.

"Akiwa hai ataandika pale," alisema siku moja bila kuinua uso kutoka kwenye uzi. "Sasa akiandika, nani iko atajibu?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu lilinifuata mpaka nyumbani. Na ni nyumbani, nikimimina chai ya Sahal, nilipojiona mjinga. Laini ina mwenyewe. Mwenyewe ana masikio. Kwa nini hatujampigia?

Asubuhi nikamuuliza Mama Lilly kama amewahi kuipiga ile namba. Alinitazama kwa mshangao.

"Mtu anapigaje simu yake mwenyewe?"

Sikucheka. Nilimwomba namba, naye akaitaja bila kusita hata kidogo, nikapiga na kuweka spika ili asikie. Nilikusudia kujieleza vizuri, lakini iliposhikwa nikasema tu kile ambacho mtu yeyote angesema.

"Naomba kuongea na Lilly Gune."

"Lilly alikufa," sauti ya mwanamume ikasema. Nyuma yake kulikuwa na muungurumo wa injini na watu wakiitana. "Pole sana. Mungu amweke pema." Akakata.

Nimeuza simu miaka mingi na sijawahi kuona aibu ya kubonyeza spika kama siku ile. Mama Lilly alikuwa ameshika sindano hewani. Aliichoma polepole kwenye kitambaa, pembeni mwa ua, mahali ambapo haikutakiwa, akaiacha hapo.

"Piga tena," akasema.

Nilipiga, na safari hii Sahal alitoka stoo kuja kuona nani ananichinja. "Wewe mwanamume," nikasema, "huna haya? Huyo unayemwita marehemu amekaa hapa mbele yangu anashona shuka! Nani kakupa ruhusa ya kuzika watu?"

Injini tu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo mno, kama huyo mama kweli yuko pale. Mama Lilly akainamia simu.

"Mimi iko," akasema.

Alisema anakuja. Nilimwambia hakuna haja, sisi tunataka tu atusomee tarakimu zitakazoingia kwenye simu yake, lakini akakataa. Kila siku redioni wanaonya usimpe mtu tarakimu zako, akasema, na pia si jambo la kumalizia kwenye simu. Alitelemka kwenye boda mbele ya duka jua likiwa kali, kijana mrefu wa Kidinka, vumbi la unga wa saruji mpaka kwenye kope. Jina lake Aguer. Kazi yake ni bandarini, kupanga wapakiaji wa majahazi ya chuma yanayokwenda kaskazini, na Kiswahili chake ni cha Kenya, maana alisomea Kakuma. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Alipomwona mama akavua kofia, akabaki mlangoni, akakataa kiti, na maneno yangu yakaniishia.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilinunua hii laini kwa duka kama mtu mwingine yeyote. Kutoka siku ya kwanza ni Lilly, Lilly, Lilly. Watu wa kanisa. Mashangazi. Nikisema ni namba mbaya, wanapiga tena, wananiambia nimeiba simu. Siku moja nikachoka, nikasema alikufa. Huyo mtu akasema pole, akakata, na hakupiga tena. Nikaona hiyo inafanya kazi."

"Na wao waliamini tu?" nikauliza.

"Dada, wewe umekaa Juba. Nani huuliza alikufa aje?"

Ni kweli hatuulizi. Tumezoea vibaya sana, na mimi nikiwemo.

Mama Lilly hakumgombeza. Alimuuliza ameambia watu wangapi, akasema hakuhesabu. Kisha akamuuliza kama kuna aliyepiga kutoka mbali. Aguer akaanza kuikunja kofia mikononi.

"Kuna mmoja. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Kijana. Nilimwambia vile huwa naambia wote. Hakukata. Alilia, mama. Mimi pia sikukata, niliona nikikata itakuwa vibaya, nikakaa kwa simu nikimsikiliza mpaka ikajikata yenyewe."

"Alisema jina?"

"Hapana. Alikuwa anasema mama tu."

Mama Lilly aliweka kitambaa chini. Alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Alipotoa mikono alisema, "Basi Lodu iko hai. Kalas. Lodu iko hai, na mimi ndio nimekufa."

Nilichukua simu yake, nikaandika jina, nikaandika neno la siri. Mtandao ukasema umetuma tarakimu. Simu ya Aguer ikalia kwenye mfuko wa shati. Alizisoma moja moja, polepole, akimtazama mama badala ya kunitazama mimi, na akaunti ya Lilly Gune ikafunguka.

Jumbe za Lodu zilikuwa zimepangana humo muda wote ule. Nilizisoma kwa sauti maana mama macho yake ni ya sindano, si ya herufi za simu. *Mama, nimetoka Khartoum. Mama, niko Misri, niko salama. Mama, mbona husomi? Mama, nimeoa, nilitaka ubariki kwanza. Mama, jibu hata kwa picha.* Halafu moja fupi: *Nitapiga ile namba yetu ya zamani ya Juba.* Baada ya hapo hakuna kitu.

Kilichobaki kilikuwa kwenye ukurasa wa Lodu mwenyewe, mahali ambapo kila mtu husoma. Picha ya Mama Lilly ile aliyopiga kambini, amevaa gauni la buluu, na juu yake msalaba. Chini yake pole za watu, nyingi, wengine majirani zetu hapa hapa ambao hawakujua kwamba marehemu hupita dukani kwangu. Picha nyingine, Lodu kanisani kule Misri, amenyolewa kichwa chote kwa msiba. Na ya mwisho, Lodu ameshika kitoto kichanga kilichofungwa blanketi jeupe. Alikuwa ameandika kwamba Mungu amechukua Lilly mmoja na amempa mwingine.

Mama aliitazama hiyo picha mpaka kioo kikazima chenyewe. Nikakiwasha tena. Kikazima tena. Nilikiwasha kila mara na sikusema lolote, na ninyi mnaonijua mnajua hiyo ni kazi.

Tulimwandikia. Niliandika mimi, yeye akisema: *Lodu, ni mama yako. Sijafa. Niko Juba.* Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotarajia, nikafurahi kwa kitambo cha kupepesa macho. *Wewe mwizi uliyeingia kwenye akaunti ya mama yangu, unatafuta hela za rambirambi? Mungu atakuona.* Nilipojaribu kumjibu, nikakuta ametufungia. Chini ya tangazo la msiba alikuwa ameacha namba ya simu kwa wanaotaka kumpa pole, nikaipiga kwa simu yangu. Akashika. Mama akasema, "Lodu, ya jena," mwanangu, na kijana akasema hata sauti siku hizi wezi wanaiga, akakata. Tulipopiga tena hakushika.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoisha na hofu ikaingia. Mashine ilikuwa imekubali kwamba yeye ni yeye. Mtoto wake amekataa, na siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe ningekata.

"Nipige mimi," Aguer akasema kutoka mlangoni. "Na hii laini. Mimi ndio nilimwambia, mimi ndio nitamwambia."

Nilimwekea salio la kupiga nje. Aliweka spika, akashika simu mbali na mwili wake. Iliita mara moja tu.

Kule upande wa pili hakuna aliyesema halo. Tulisikia mtu anavuta pumzi, anaitoa, anaivuta.

"Kaka," Aguer akasema. Walizungumza Kiarabu chetu cha Juba, ambacho ninakisikia vizuri. "Usikate. Mimi ni yule uliyeongea naye kuhusu mama yako. Ulilia na mimi nikanyamaza. Unakumbuka sauti yangu?"

"Nakumbuka," Lodu akasema.

"Nilikudanganya. Simjui mama yako, sikuwa nimewahi kumwona. Nilinunua laini na nikachoka na watu kupiga, nikasema amekufa. Leo nimemwona. Amekaa hapa."

Lodu akasema simu yake imeandika Mama. Hakuwahi kufuta jina lile. Ameiona namba ikiita na imeandika Mama, na alidhani anaumwa. Alikuwa akisema hayo kwa nafsi yake zaidi ya kutuambia. Kisha sauti ikawa ngumu, akasema kama kuna mwanamke hapo aseme kitu ambacho hakimo kwenye mtandao.

Nilimwona mama akitafuta. Kumbe ukiambiwa uthibitishe, kila kitu hukimbia kichwani. Macho yake yakarudi kwenye simu nyingine, ile yenye picha ya kanisani, na uso wake ukabadilika kabisa, ukawa uso wa mama aliyekasirika.

"Nani amekunyoa hivi?" akasema. "Eh? Nani? Mimi nilikuambia nini siku zote? Nyuma ya sikio la kushoto wembe unapita pole pole, unazunguka lile kovu la bati. Angalia huyu mtu, amekukata. Naona plasta. Kanisani, mbele ya padri, na plasta! Hukuwa na mtu wa kukunyoa vizuri?"

Lodu alilia. Sitaki kukieleza kile kilio. Aguer aliweka simu juu ya meza yangu ya kioo na kutoka nje, akasimama juani akiwa ameupa mlango mgongo. Mimi nililia palepale, na sioni haya kusema. Sahal alikuwa amerudi stoo na alikuwa anasogeza makasha ambayo hayakuhitaji kusogezwa.

Waliongea mpaka Lodu akafika kwenye mtoto. Hapo alikwama. Aliomba msamaha, akasema hakujua, akasema watalibadilisha jina, mkewe ataelewa. Nilimuuliza mama kwa macho kuna nini, naye akaniambia kando, kwa Kiswahili, kwamba watu wa ukoo wao hawampi mtoto jina la mtu aliye hai. Jina linangoja mwenyewe aondoke. Sasa limetolewa kabla.

"Usibadilishe," alimwambia Lodu. "Wewe ulinizika vizuri. Ulinyoa kichwa, uliita watu, walisali. Wengi wetu hawakupata hata hiyo. Jina ni la mtoto sasa. Mimi niite mama tu, inatosha."

Kabla salio halijaisha nilimsomea Lodu namba mpya ya mama, akaipiga mwenyewe, na sikumwachia mpaka aliponiambia ameihifadhi. Kisha nikaiunganisha akaunti na namba hiyo mpya, na mtandao ukaomba tarakimu nyingine kutoka kwenye ile ya zamani, Aguer akarudi ndani kutusomea. Alipomaliza aliifungua simu yake, akaitoa laini, akaiweka mbele ya mama juu ya shuka.

"Ni yako," akasema. "Ilikuwa yako."

Ninajua laini hiyo ni nini kwake. Wenye mizigo wote wa bandari wana namba ile, na bila hiyo hana kazi. Mama pia alijua, alikuwa amesikia zile injini. Aliichukua kwa ncha za vidole vyake, akaitazama pande zote mbili, akaisukuma kurudi kwake.

"Kaa nayo. Mimi mafi kazi nayo, sina. Lakini bado iko watu hawajui. Dada yangu iko Yei. Mtu akipiga akiuliza Lilly Gune, wewe sema iko. Sikia? Usichoke. Sema iko, na mpe namba."

Aguer aliahidi, akavaa kofia, akaondoka.

Sasa, mimi siamini ahadi za wanaume waliokwisha kuchoka mara moja. Wiki kadhaa zikapita, Mama Lilly akimaliza shuka la harusi na kuanza la kitoto, dogo, lenye ndege. Siku moja hakuja, alikuwa sokoni kutafuta uzi mweupe. Nikachukua laini mpya kabisa kwenye kasha, namba ambayo Aguer hajawahi kuiona, nikaipiga ile ya zamani. Iliita sana. Kisha injini, na watu wakiitana, na mtu anayepumua kwa nguvu kama ameweka chini mzigo.

Nilibana sauti yangu ikawa ya bibi wa mbali. "Naomba kuongea na Lilly Gune."

"Yuko," akasema. "Yuko mzima, mama, yuko Juba. Subiri, usikate." Nikamsikia akiwafokea wapakiaji wanyamaze kidogo. "Una kalamu? Nitakusomea namba yake pole pole."

Nilichukua kalamu, nikaiandika yote.